Kipande cha Tatu

Igoma, Mwanza
14 Agosti 1997

Kaka Luhende,

Shikamoo. Wifi Teodora naye mfikishie shikamoo yangu, na watoto wasalimie kila mmoja kwa jina lake, wasije wakasema shangazi wa Mwanza anawapenda kwa jumla.

Sisi huku tupo. Gladness amefikisha miaka mitatu na ukimwambia neno lolote anakuuliza kwa nini. Alexander ana miezi mitano, mchana analala kama mlinzi aliyetoka zamu, jua likizama ndipo anaingia kazini. Kwa hiyo ukiona mwandiko wangu umelala, ujue mwenyewe nimesimama. Baba Gladness anaendelea na karakana yake, mwezi huu ametengeneza vitanda vinne na jeneza moja. Anasema vitanda ndivyo vinampa raha.

Sasa lililonikalisha chini ni hili. Jumamosi mtaa uliitwa mkutano na bwana ardhi akaja kutoka mjini na karatasi zake. Amesema kanuni za kukata viwanja zimebadilika. Zamani huku kwetu kiwanja hakikuruhusiwa kukatwa kikawa chini ya mita za mraba mia nane. Sasa wamekubali mia nne, na kila kipande kitapata karatasi yake na jina lake. Mzee Chenge akanyoosha mkono: "Kwa hiyo serikali imeona kwamba tumezaana?" Watu wakacheka, hata bwana ardhi alicheka, akasema, "Mzee, imeona, ila ilichelewa kuhesabu."

Unakumbuka baba alipofariki tuliambiwa kiwanja chake hakigawanyiki, ndiyo maana mpaka leo, mwaka wa nne, karatasi ina jina lake. Kina mita elfu moja na mia mbili. Tukikigawa mara mbili unapata mia sita wewe, mia sita mimi, na tumebaki ndani ya kanuni. Baba Gladness ameanza kufyatua matofali. Nimemwambia tutajenga, lakini kwenye kipande chenye jina langu. Si kwamba simwamini. Nilimwona jirani yetu, mama Masalu, alivyotolewa na ndugu wa mumewe, sufuria zikiwa bado na maji, mpaka mahakama ilipomrudisha. Nilipomwambia hivyo akacheka, akasema basi yeye atakuwa mpangaji wangu. Nikamwambia awe mpangaji mzuri.

Nahitaji barua yako tu, kaka, yenye sahihi, kwamba umekubali kugawa. Fomu nitajaza mimi.

Mdogo wako,
Selina


Kilosa
21 Septemba 1997

Mpendwa mdogo wangu Selina,

Marahaba, na shemeji yangu Maige msalimie. Barua yako ilifika nikiwa nasahihisha madaftari ya watoto tisini na mbili. Nikaiweka juu ya rundo nikaisoma kwanza, wao wakasubiri. Teodora amepanda mchicha nyuma ya nyumba na sasa tunakula mchicha asubuhi, mchana na jioni. Naomba usimwambie kwamba nimelalamika.

Habari ya kanuni nimeifurahia. Shemeji afyatue matofali, na jina lako liandikwe. Hilo sina ubishi nalo hata kidogo, na baba asingekuwa nao.

Ila naomba usijaze fomu bado. Elfu moja na mia mbili ukigawa kwa mia nne unapata tatu. Ningependa tugawe mara tatu. Najua utauliza sababu. Sababu ninayo, lakini si ya kuandika kwenye karatasi inayopita kwenye mikono ya watu. Krismasi nitakuja kwa treni, tutakaa, nitakueleza.

Kaka yako,
Luhende


Igoma, Mwanza
10 Oktoba 1997

Kaka Luhende,

Shikamoo. Watoto hawajambo, isipokuwa Gladness alikula udongo na alipoulizwa akasema ni wa kwetu. Wifi mpe hongera ya mchicha. Sijamwambia kitu.

Kaka, kugawa elfu na mia mbili kwa mia nne hata mimi wa darasa la saba naweza. Ninaloshindwa ni kuhesabu watoto wa baba wakafika watatu. Mimi nikijihesabu na wewe tunafika wawili. Kama kipande cha tatu ni cha kuuza, nakusihi na nakukataza kwa pamoja: kiwanja cha baba hakitauzwa nikiwa nakaa juu yake. Kama una shida huko, iseme shida yenyewe. Hata tukila michembe ya viazi mwaka mzima tutakusaidia.

Tena kuna jingine. Mimi na baba Gladness tumepima kwa kamba. Tumepima kama watu wa kwetu wote wanavyopima, yaani ule mwamba wa kona ya chini tumeuacha nje, kwani nani aliwahi kulima jiwe? Ukiutoa mwamba zinabaki mita kama elfu moja na kidogo. Ukigawa mara tatu kila kipande kinakuwa chini ya mia nne. Kwa hiyo kanuni yenyewe imekataa, na mimi na wewe tusigombane na kanuni.

Naomba ile barua yenye sahihi.

Mdogo wako,
Selina


Kilosa
3 Novemba 1997

Mpendwa Selina,

Marahaba. Mvua imeanza huku kwa nguvu ambayo wazee wanasema hawaikumbuki. Shule tumefunga siku mbili, maji yalikaa madarasani yakisoma peke yao.

Karatasi ya baba inasema elfu moja na mia mbili pamoja na mwamba. Wao hupima kwa ramani, na ramani haijui kulima. Wewe unalijua hili, Selina, kwa sababu baba alipokuwa mgonjwa ni wewe uliyemsomea ile karatasi kwa sauti, mimi nikiwa nimesimama mlangoni.

Nilitaka kusema kwa mdomo lakini naona utajaza fomu kabla ya Krismasi. Kipande si cha kuuza. Kabla baba hajamwoa mama alikwenda Shirati kujenga mashua, akakaa misimu mitatu. Kule alipata mtoto wa kike. Anaitwa Akelo. Ni mkubwa kwako na kwangu. Baba aliniambia mwaka ule wa mwisho, akasema, "Siku ikiwezekana, naye awe na mahali." Nilimwambia haiwezekani, kanuni hairuhusu. Sasa inaruhusu.

Niandikie unavyoona.

Kaka yako,
Luhende


Igoma, Mwanza
1 Desemba 1997

Kaka Luhende,

Shikamoo. Mvua huku pia inakuja kama iliyotumwa. Choo kimetitia Jumapili. Tunashukuru hakuna aliyekuwa ndani, ingawa Gladness alikuwa ametoka tu, na sasa hataki kabisa kuingia kwa mama Masalu tunakokwenda kuomba. Alexander alishikwa na homa siku nne. Amepona. Anatambaa, anakula kila anachokikuta chini. Matofali ya baba Gladness mia tatu yamelowa yakarudi kuwa udongo. Aliyatazama akasema, "Haya, karibuni nyumbani," akaanza upya.

Kuhusu lile jambo, nimesoma.

Mchele wa Krismasi nimeshaweka. Njooni.

Mdogo wako,
Selina


Kilosa
18 Januari 1998

Mpendwa Selina,

Marahaba. Tusamehe kwa Krismasi. Reli imekatika, mabehewa yamekaa porini, na huku sisi tunavuka mto kwa kushikana mikono. Barua hii nampa dereva wa lori anayezungukia Dodoma, sijui itakufikia lini. Watoto wote wazima. Mchicha umekwenda na maji. Teodora alilia, nami nikajitahidi kufanana naye.

Umeandika "nimesoma". Mimi ni mwalimu, mdogo wangu. Mwanafunzi akiniambia amesoma, halafu akanyamaza, huwa simwulizi tena mbele ya wenzake. Nangoja watoke. Basi sasa wametoka.

Akelo yuko Shirati, anauza dagaa. Mumewe alifariki mwaka juzi, na mvua hii ya Novemba imechukua kibanda chake cha ufukweni. Sasa anakaa kwenye chumba cha watu. Hajaniomba kitu. Hajui hata kwamba kanuni imebadilika, sijamwambia, nisije nikamwahidi kilicho nusu chako. Nilikutana naye mara moja, nikiwa na miaka kumi na tano, baba aliponituma nimpelekee gunia la mpunga bila kunieleza ni nani. Baba alipofariki nilimpelekea habari. Baadaye aliniandikia kwamba alikwama njiani hakuwahi msiba, akaniomba radhi.

Kama una neno juu yake, lolote, liseme. Sitakasirika.

Kaka yako,
Luhende


Igoma, Mwanza
22 Februari 1998

Kaka Luhende,

Shikamoo. Barua yako imefika juzi, bahasha ikiwa na matope na alama ya kidole cha mtu. Wote wazima. Nakaa kuandika wakati maharage yanachemka na Alexander amefungwa mgongoni, kwa hiyo nisipomaliza leo nitamaliza kesho, lakini leo nianze.

Akelo hakukwama njiani. Alifika.

Wewe treni ilikuchelewesha, ukatukuta siku ya tano. Yeye alikuja siku ya tatu, asubuhi, tulipokuwa tumetoka kunyolewa. Alibeba kapu la samaki wakavu kichwani. Alipolitua nikaona naye amenyoa. Jirani huwa hanyoi, kaka. Amenyoa kwao, akasafiri na kichwa kile kwenye basi toka Shirati mpaka Igoma, watu wakimwona. Akaja akaketi kwenye mkeka wetu, mkeka wa watoto wa marehemu, pembeni kabisa, nusu yake ikiwa kwenye vumbi.

Nilikuwa na mimba ya Gladness, tumbo limenichosha. Nilimtazama. Alikuwa na paji la baba, na alipotembea alitanguliza bega la kushoto kama baba alivyokuwa anatembea. Hakuna aliyeniambia, na sikuhitaji kuambiwa. Nikamwambia, "Mama, mkeka wa majirani ni ule pale."

Aliniangalia, kisha akasema, "Ndiyo, mwanangu, nimekosea." Akainuka akaenda kule. Alikaa kidogo, halafu akajiunga na wanawake wa jikoni, akaosha masufuria mpaka jua likageuka, akaondoka. Kapu aliliacha. Tulikula wale samaki wiki nzima, nami nikawa nasema wameletwa na watu wa kanisani.

Unataka kujua kwa nini. Baba alikuwa akirudi kutoka kazini anaita tangu barabarani, "Binti yangu mmoja yuko wapi?" Siku ile nilikuwa nimeshampoteza baba. Nilikuwa nimebakiwa na hilo neno mmoja tu. Sikutaka mtu anichukulie.

Na kuhusu mwamba, nilijua. Tulipopima, baba Gladness aliniuliza, "Mama Gladness, huu tusiuhesabu kweli? Mbona kwenye karatasi umo?" Nikamwambia kwetu hauhesabiwi. Akanitazama akakunja kamba. Miaka yote hii, kaka, kanuni ile ya mia nane ilikuwa mlango wangu. Nikimkumbuka yule mama nilikuwa najiambia, hata ningetaka, serikali haitaki. Sasa wameufungua mlango, na aliyesimama mlangoni nimebaki mimi.

Amekuambia alikwama ili usinikasirikie mimi. Hilo ndilo limenishinda.

Maharage yameungua. Tutakula hivyo hivyo.

Selina


Kilosa
15 Machi 1998

Mpendwa Selina,

Marahaba. Sisi wazima, maji yamepungua, shule imefunguliwa na madawati tunaanika juani.

Barua yako nimeisoma mara mbili na Teodora mara moja. Yeye amesema nikuandikie hivi: mwenye mimba ya miezi saba akiwa msibani, hata akimfukuza askofu, asihesabiwe. Mimi sisemi hivyo. Nasema tu kwamba ni wewe uliyemwambia mkeka ulipo, na mimi siwezi kwenda Shirati kumwambia vinginevyo kwa mdomo wako. Barua yangu ya kukubali mgawanyo iko ndani ya bahasha hii, ina sahihi. Idadi ya vipande nimeiacha wazi. Anwani yake nimeiandika nyuma.

Hata ukiandika mbili, utabaki kuwa ndugu yangu, na sitaliulizia tena.

Kaka yako,
Luhende


Igoma, Mwanza
5 Julai 1998

Kaka Luhende,

Shikamoo, na wifi Teodora mwambie neno lake la askofu limenichekesha mpaka baba Gladness akataka kujua kulikoni. Watoto wazima. Alexander anatembea, anaanguka, anajipigia makofi.

Najua umengoja. Nilijaza tatu siku ile ile nilipopata barua yako, ila Shirati nilichukua wiki mbili kuandika. Nilichana karatasi nyingi. Mwisho niliandika machache: kwamba alifika kwenye msiba wa baba yake, kwamba mimi nilimwona na nilimjua, na kwamba tarehe ishirini na tano Juni kiwanja kinapimwa na sehemu yake imo. Sikumwomba aje. Niliona nikimwomba nitakuwa namwongezea kazi ya kunisamehe.

Hakujibu. Aprili ikapita, Mei ikapita. Nikasema basi, ndivyo anavyojibu, na ana haki yake. Tulikubaliana na baba Gladness kwamba tutapima hivyo hivyo, sehemu yake ikae na jina lake hata kama itaota majani.

Siku yenyewe bwana ardhi alikuja saa tatu na mpima mmoja mwenye minyororo, na saruji ya bikoni za mpaka wakaipakua. Mzee Chenge na mama Masalu walikuja kama majirani wa mpaka. Tulipokuwa tunaanza, Gladness akasema kuna mama amesimama barabarani haingii. Nikatoka. Alikuwa yeye, nywele zimeota zina mvi, ana mfuko mmoja. Alikuwa amesimama nje ya mpaka, viatu vyake vimegusa mstari kabisa lakini havijavuka.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalikimbia. Nikapiga goti nikasema, "Shikamoo, dada."

Akahamishia mfuko wake mkono wa pili. Halafu akasema, "Marahaba. Inuka, utachafua kitenge, na mtoto mgongoni." Akavuka.

Bwana ardhi akafungua daftari akauliza, "Nianze na jina la nani?" Kila mtu akanitazama mimi, maana ndimi niliyezoea kwenda ofisini kwake. Nikamwambia aanze na mkubwa, Akelo Nkwabi, mzaliwa wa kwanza. Kisha Luhende. Mimi mwisho. Mzee Chenge akasema polepole, kama anayemwambia baba, "Nkwabi, kumbe ulikuwa na hesabu ndefu."

Nilikataa apangiwe sehemu. Nilisema achague, na asichague kwa huruma. Akazunguka kiwanja chote, mikono nyuma. Akachagua ya chini, yenye mwamba. Nikamwambia, "Dada, hiyo ni ya mawe, usijinyime." Akaniambia, "Nani anajinyima? Kibanda changu cha mchanga kimechukuliwa na maji. Hapa Mungu ameshamwaga msingi, mimi nitapandisha kuta tu." Baba Gladness akasema huyu ndiye fundi wa kweli katika ukoo wetu. Wewe ya katikati, mia nne kamili. Mimi hii ya juu yenye nyumba ya baba, na matofali tutayapandisha mwezi wa nane.

Kugombana tulianza kabla chai haijaiva. Kila kipande lazima kiwe na njia ya kufika barabarani, na yeye yuko chini. Akasema njia ipite hapa, akaonyesha kwa mguu, moja kwa moja mbele ya jiko langu. Nikasema haipiti. Watu wake wa dagaa watapita na mizigo wakati mimi nanyonyesha? Ipite ukingoni kwa mama Masalu. Akasema ukingoni kuna mteremko, na yeye ana magoti ya miaka arobaini na mitatu. Nikasema magoti yake hayakushindwa kutoka Shirati. Akasema kumbe barua ilikuwa ya heshima, mdomo ndio wenyewe. Nikasema ndiyo, mdomo ndio huu, azoee. Mpima ameshika mnyororo, jua linampiga, anageuza kichwa kwake, anageuza kwangu. Mwishoni njia imepita ukingoni kwa mama Masalu, nami nimekubali kuchonga ngazi tano kwenye mteremko, kwa mikono ya baba Gladness, ambaye hakuulizwa.

Bwana ardhi akafunga daftari, akajifuta jasho, akauliza, "Samahani, nyie mmefahamiana lini?"

Tukamjibu kwa pamoja, kila mtu na lake. Mimi nilisema, leo. Dada akasema, tangu huyu hajazaliwa.

Bikoni zimekauka. Karatasi wamesema mwezi wa kumi. Reli imepona, njooni Krismasi mkanyage sehemu yenu, na mje na mbegu za mchicha kwa ajili ya mtu wa chini, ameziulizia.

Mdogo wenu,
Selina